Ghanim na Jini Aliyekusanya Raha Ndogo

Katika zama zile ambazo majini walikuwa bado wakibisha hodi kwenye nyumba za wanadamu bila ya kuona haya, ulikuwako mji uitwao Kafurani, umekaa bondeni baina ya milima miwili, na mtawala wake alikuwa Sultani Mundhir bin Hilali, mwenye jeshi na hazina na wapishi wasiohesabika, na hapakuwa na tunda lililoiva duniani ambalo halikufika mezani pake kabla ya yeye kulitamani. Na katika mji huo alikuwako kijana mfanyabiashara wa nguo na ubani, jina lake Ghanim bin Sudi, ambaye marehemu baba yake alimwachia duka zuri sokoni, na nyumba ndogo yenye baraza, na mama mwenye afya njema na ulimi mwepesi, Bi Shinuna.

Ghanim alikuwa kijana wa haiba, asiyejua kusitasita. Akitaka kitu, haulizi kama kinapatikana. Huuliza kinapatikana wapi. Na ng'ambo ya kichochoro, dirisha likitazamana na dirisha, alikaa binti wa ami yake, Thureya, ambaye alikuwa amemposa kitambo, na ndugu na majirani walikuwa wakiingoja harusi yao kwa hamu, ila bwana harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiahirisha mwaka baada ya mwaka.

"Binamu," Thureya alimwambia siku moja kutoka dirishani, huku akidarizi kofia, "ukizidi kungoja utakuja kuoa mvi."

"Subiri kidogo tu," Ghanim akamjibu. "Nataka nikuoe kwa harusi ambayo Sultani mwenyewe ataionea kijicho. Nikuingize katika kasri, si katika hiki kinyumba."

"Nani aliyekuambia nataka kasri? Nani atalifagia?"

Ghanim akacheka, na Thureya akarejea kazi yake, akiimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno, kama alivyozoea kila alasiri, na Ghanim akaenda zake sokoni wala hakugeuka kusikiliza, maana sauti ile aliisikia tangu utotoni, na kwake ilikuwa kama mlio wa njiwa paani.

Basi siku hiyo dalali alikuwa akinadi vitu vya hakimu mmoja aliyehama mji, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na chetezo cha shaba nyeusi, kizito kupita kiasi chake, na hakuna mtu aliyekitaka kwa kuwa kilikuwa kimechongwa nyuso zilizokunja midomo kama watu walioonja kitu wasikipate ladha. Ghanim akakinunua kwa kuwa wenziwe walikiogopa. Akakipeleka nyumbani, akatia makaa, akatia ubani, na moshi ulipopanda haukutawanyika kama moshi mwingine, bali ulijikusanya na kujikunja na kujitia kiuno na mabega, mpaka mbele yake akasimama jini mrefu, amejifunga kilemba cha moshi, macho yake yakiwaka kama makaa yaliyopulizwa.

"Amani iwe juu yako, ewe Ghanim bin Sudi, bwana wa chetezo," akasema jini kwa adabu kubwa. "Mimi ni Shamkhuri bin Lahabu, wa kabila la moto usio moshi, japokuwa leo nimejivika moshi kwa heshima ya ugeni. Sema haja yako, nami nitakutimizia."

Mtu mwingine angezimia. Ghanim akakunja miguu vizuri juu ya mkeka na akauliza, "Na bei yake?"

Jini akatabasamu. "Umenena kama mtu wa soko. Dhahabu siitaki, maana mapango ya dhahabu nayajua yaliko. Damu siitaki, wala kafara. Kwa kila haja utakayoitamka, nitachukua kwako raha moja ndogo ambayo hujapata kuishukuru hata mara moja. Nikija kuichukua nikakuta imekwisha kushukuriwa, siwezi kuigusa. Na ikitokea nikaondoka mikono mitupu, mkataba wetu umevunjika. Nitakurudishia vyote nilivyochukua, nawe utanirudishia vyote nilivyokupa. Lakini hilo halijanifika tangu milima hii ilipokuwa vichuguu."

"Raha ndogo?" Ghanim akacheka mpaka akajifuta machozi. "Chukua kapu zima, ewe Shamkhuri. Mimi nataka farasi ambao hata mazizi ya Sultani hayana mfano wao."

Kabla hajafumba kinywa akasikia kwato uani, na alipochungulia akaona farasi weupe kama maziwa, manyoya ya shingo yao yakimeremeta, na hatamu zao zimesukwa kwa hariri. Na jini akasema, "Nami nimechukua harufu ya ardhi inapoguswa na mvua ya kwanza," kisha akatoweka ndani ya chetezo.

Siku chache baadaye mvua ya kwanza ikanyesha Kafurani, na watu wakatoka milangoni kama ilivyokuwa desturi yao, wakainua pua zao juu kama mbuzi. Bi Shinuna akamwita mwanawe, "Njoo unuse, mwanangu! Mwaka huu ni nzuri kuliko mwaka jana." Ghanim akatoka, akavuta pumzi, na hakunusa kitu, kama mtu mwenye mafua. Akainua mabega, akapanda farasi wake, akaenda kuwaonyesha watu wa sokoni.

Na kwa kuwa farasi wazuri huhitaji mahali pazuri pa kufungwa, Ghanim akatia tena ubani katika chetezo akataka kasri. Likasimama kasri la marumaru juu ya kilima, lenye kumbi na roshani na chemchemi zinazoruka juu na kuanguka kama lulu, na Bi Shinuna akahamishwa humo, analalamika njia nzima. Na jini akasema, "Nami nimechukua ladha ya kahawa ya asubuhi."

Kesho yake mama yake akamletea kikombe kama kawaida, kahawa iliyotiwa hiliki na tangawizi, inatoa mvuke. Ghanim akanywa funda moja, akakitazama kikombe.

"Mama, leo umesahau kutia kahawa?"

"Nimesahau?" Bi Shinuna akashika kiuno. "Nimetembea kutoka jikoni mpaka hapa nimepotea njia kila ukumbi, na kahawa imefika ingali moto, halafu unaniambia nimesahau? Kinywa chako ndicho kilichosahau."

Ghanim akainywa mpaka mwisho kama mtu anayekunywa dawa, na moyoni akajiambia kwamba mtu mwenye kasri hana haja ya kujishughulisha na kahawa. Na haukupita muda akataka uwaziri. Jini akatia katika moyo wa Waziri Mkuu mzee hamu ya kwenda kuhiji na kukaa huko huko, na akatia katika sikio la Sultani jina la Ghanim bin Sudi, na kabla ya mwezi kuandama, Ghanim alikuwa amevikwa joho la uwaziri, amekaa kuume kwa kiti cha enzi. Safari hii jini alichukua usingizi mtamu wa baada ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo Ghanim akijinyosha adhuhuri, usingizi ulimchukua kama jiwe linavyoanguka kisimani, na akiamka mwili wake ulikuwa vile vile kama alivyoulaza.

Siku moja alikwenda kumtembelea Thureya amevaa joho lake, na watumishi wakimtangulia, akaandaliwa wali na samaki wa kukaanga na achari ya ndimu. Thureya akamtazama anavyokula.

"Binamu, nini kimekupata?"

"Unauliza? Nimepata farasi, nimepata kasri, nimepata uwaziri. Bado kidogo tu nitakuoa kwa fahari ambayo—"

"Sikuuliza umepata nini. Nimeuliza nini kimekupata. Unakula chakula changu kama mtu anayetafuna karatasi."

Ghanim akakasirika, akanawa mikono, akaondoka.

Sasa Sultani Mundhir naye alikuwa na maradhi yake, na maradhi hayo hayakuwa ya mwili. Alikuwa amechoka. Wanamuziki walipigwa marufuku kwa kuwa aliwachoka, wapishi walifukuzwa na kuajiriwa wengine, na waliokuwa wakimchekesha walijificha nyumba za jamaa zao. Asubuhi moja, baraza ikiwa imejaa maamiri na makadhi, Sultani akamgeukia Waziri wake akasema:

"Ewe Ghanim bin Sudi, tumekuinua juu ya vichwa vya watu kwa kuwa tumeambiwa wewe hushindwi na jambo. Nasi tumelishwa kila kinacholiwa, na tumevishwa kila kinachovaliwa, na nafsi yetu imekinai. Tunakuamuru utuletee starehe ambayo hatujapata kuionja. Kesho jua likichomoza tuwe nayo. Ukileta, utajiri wako hautakuwa na mpaka. Ukishindwa, kichwa chako kitaagana na shingo yako mbele ya watu hawa hawa."

"Kusikia na kutii, ewe bwana wa zama," Ghanim akajibu, na akatoka kwa mwendo wa mtu aliyeombwa kuleta glasi ya maji, maana alijua chetezo chake kiko wapi.

Alipofika kasrini baada ya adhuhuri akatia ubani, na jini akajitokeza, na Ghanim akasema harakaharaka, "Ninataka starehe ambayo Sultani Mundhir hajapata kuionja."

"Imekuwa," akasema Shamkhuri. "Nyuma ya bahari ya saba liko tunda ambalo kila tonge lake lina ladha mpya. Alfajiri utalikuta kwenye sahani mlangoni pako. Na bei yake ni sauti ya Thureya anapoimba alasiri."

Mkono wa Ghanim, uliokuwa ukitengeneza kilemba, ukabaki hewani.

"Ile si raha ndogo," akasema.

"Lini uliishukuru?"

Ghanim akakishika chetezo kama anayetaka kukizima.

"Lini uliisikiliza, hata?" akasema jini, na sauti yake haikuwa na kebehi, ilikuwa na njaa. "Haja umekwisha kuitamka, ewe Waziri, na neno halirudi kinywani. Alasiri hii nitakuja kuichukua haki yangu. Thureya hatadhurika. Ataimba kama kawaida, na wewe utaona midomo yake inacheza, na utasikia kimya."

Jini alipotoweka Ghanim akavua joho na kilemba, akavitupa juu ya kiti, wala hakungoja farasi kutandikwa. Akashuka kilima kwa miguu, na watu wakashangaa kumwona Waziri Mkuu akikimbia sokoni kichwa wazi, akiruka makapu ya vitunguu, mpaka akaingia katika kichochoro chao cha zamani, na akasimama chini ya dirisha akihema.

Na Thureya alikuwa akiimba.

Ghanim akaegemea ukuta, akasikiliza kama mtu ambaye masikio yake yameumbwa saa ile. Akasikia kwamba wimbo huanza chini kama mtu anayejisemea, kisha hupanda ngazi taratibu, kisha hukatika ghafla, na kimya kidogo, kisha huendelea pale pale ulipokatika. Na akafahamu kwamba pale ndipo Thureya anapokata uzi kwa meno. Miaka yote hiyo, na hakujua kwamba katika wimbo ule mlikuwa na uzi unaokatwa. Machozi yakamtoka pasipo kujijua.

"Nani huyo chini?" Thureya akachungulia. "Binamu? Msafara wako uko wapi? Umefukuzwa kazi?"

"Teremka, Thureya. Teremka nikwambie jambo, halafu unitukane upendavyo."

Thureya akateremka, akakaa barazani na kofia yake mkononi, na Ghanim akamwambia yote tangu chetezo mpaka kichwa chake kilichotiwa rehani, hakuficha kitu. Thureya akasikiliza, uso wake ukabadilika.

"Umeuza kahawa ya mama yako," akasema pole pole, "kwa mawe."

"Nimeuza."

"Na mvua?"

"Na mvua."

"Na sasa umekuja kuniambia ahsante ili jini asichukue sauti yangu. Sikiliza, Ghanim. Shukrani ya hofu siitaki. Mwache aichukue, mimi nitaimba na majirani watasikia."

Ghanim akaketi kando yake. Na jambo ambalo hakupata kumwambia mtu likamjia, akalisema pole pole, akitazama chini.

"Baba alipofariki, watu walipokwisha kuondoka matangani, nililala nimeelekea ukuta. Mama aliniletea uji nikaukataa. Mashehe walikuja kunipa pole sikuwajibu. Nilikuwa nimeamua kwamba sitainuka tena. Basi alasiri ukafungua dirisha lako, ukaanza kuimba, wala hukuwa ukiniimbia mimi. Ulikuwa ukifanya kazi yako tu. Na mimi nikajiambia, kumbe dunia bado ipo. Nikainuka, nikala uji ule umepoa. Kesho yake nikafungua duka. Sikukuambia siku ile, wala sikujiambia hata mimi mwenyewe. Ahsante, Thureya. Namshukuru Mola aliyekuumba na akakuweka ng'ambo ya kichochoro hiki. Na hata nikiipoteza leo, nimeipata."

Thureya akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka, na ncha ya ukaya aliojitandia kichwani ikapita machoni mara moja.

Mara kichochoro kikajaa moshi, paka wakakimbia, na Shamkhuri akajitokeza baina ya nyumba mbili, mabega yake yakigusa madirisha. Akanyosha mkono wake kuelekea kwenye koo la Thureya, kama mtu anayechuma ua, na mkono ukarudi nyuma kama ulioshika chuma cha moto. Akaunyosha tena, na vidole vyake vikafifia.

"Imeshukuriwa!" akanguruma. "Basi nitachukua kivuli cha kichochoro hiki saa za jua kali!"

"Kivuli hiki?" Ghanim akasimama, na ile jeuri yake ya zamani ikamrudia, safari hii ikiwa na mahali pa kukanyaga. "Hapa nilijifunza kucheza bao, hapa baba aliweka kiti chake akanisimulia habari za babu. Ninakishukuru, na yeye aliyekiweka."

"Maji ya mtungi!"

"Ya mtungi wa mama, yaliyofukizwa ubani, baada ya kutoka sokoni adhuhuri. Nilikuwa nikiyanywa nimesimama, na mama akinikemea nikae. Nashukuru kwa maji na kwa kemeo."

"Raha ya kujikuna mgongoni pale mkono usipofika!"

Thureya akaangua kicheko, na Ghanim akacheka pia. "Kwa mwiko wa pilau, ewe Shamkhuri! Kila jioni nilijikuna kwa mwiko wa pilau, na kila jioni mama akauficha, na kila jioni nikautafuta nikaupata. Alhamdulillahi kwa mwiko!"

Jini akataja na kutaja, mkate unapovunjwa ungali moto, upepo wa kwanza baada ya joto kali la kaskazi, salamu ya jirani, na kila alipotaja, Ghanim alikumbuka mahali na siku na sura za watu, akashukuru kwa moyo wote, mpaka jini akawa hana la kutaja. Na kila jina lililomkataa lilimpunguza kimo, hata akawa si mrefu kuliko mtu wa kawaida, ameketi barazani, mikono mitupu mapajani.

"Mkataba umevunjika," akasema kwa sauti ndogo. "Chukua chako."

Pale kilimani kasri la marumaru likayeyuka kama sukari ndani ya chai, na farasi weupe wakawa ukungu, na lile jina ambalo jini alilitia katika sikio la Sultani likapoteza nguvu yake, na uwaziri ukawa hauna mwenyewe. Na mlango wa nyumba ya zamani ukafunguka, akatoka Bi Shinuna akiwa na dele la kahawa mkononi, anatazama huku na huku.

"Nilikuwa nachuja kahawa kule juu," akasema, "mara najiona jikoni kwangu. Afadhali! Kule hata chumvi niliitafuta kwa nusu siku." Kisha akamwona jini. "Na huyu mgeni mbona amenyongea hivi? Hamjampa kitu?"

"Mama, huyo ni jini," akasema Ghanim.

"Jini hanywi kahawa?"

Hakuna aliyejua jawabu, wala jini mwenyewe. "Nimekusanya raha za wanadamu tangu zama za kale," akasema Shamkhuri. "Mapango yangu yamejaa harufu za mvua na ladha za asali na vicheko vya watoto. Usiku na mchana huzitoa nikazijaribu, na hakuna hata moja iliyonipa ladha. Nilidhani nikipata moja zaidi..."

"Ulizichukua," akasema Thureya. "Nani alikupa?"

Jini akaitazama mikono yake mitupu. Na Bi Shinuna, ambaye hakuyaelewa mazungumzo hayo wala hakuyajali, akamimina kahawa, akampa kikombe kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. "Chukua, baba, pole na safari."

Shamkhuri akakipokea. "Ahsante," akasema, na neno lile likatoka kwa shida kama mlango ulioshika kutu, na akanywa. Kisha akafumba macho, na moshi mwembamba ukamtoka kwenye kope, na akakaa vile muda mrefu. Ghanim naye akapewa chake, akanywa, na hiliki ikampanda puani na tangawizi ikamshika kooni, na akaomba kingine.

Lakini kichwa chake bado kilikuwa rehani, na tunda la bahari ya saba halikuwako tena. Thureya akamkumbusha. Ghanim akamtazama jini aliyekuwa akilamba tone la mwisho la kikombe, na akatabasamu kama zamani.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Sultani na huyu ni ndugu."

Asubuhi, jua lilipochomoza, akasimama mbele ya kiti cha enzi amevaa kanzu yake ya dukani. Hakuna aliyekumbuka vizuri alipataje uwaziri, lakini kila mtu alikumbuka amri ya jana, na mshika upanga alikuwa amesimama tayari.

"Iko wapi starehe yetu?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu mtukufu, hailetwi. Hufuatwa kwa miguu, na anayeifuata asijulikane. Mtukufu avae kanzu ya kawaida atoke nami. Nikisema uongo, upanga uko hapa hapa tutakaporudi."

Sultani, kwa kuwa hata udadisi ulikuwa jambo jipya kwake, akakubali. Akavaa kanzu ya kawaida, ila viatu hakuwa navyo isipokuwa vile vya dhahabu na lulu, alivyoshonewa vya kutazamwa, maana alikuwa akibebwa kila aendapo. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakashika njia ya mashamba, jua likapanda, na viatu vikaanza kumuuma.

"Tumechoka," akasema Sultani.

"Bado kidogo, bwana wangu."

"Tutakukata kichwa mara mbili!"

"Bado kidogo."

Wakapanda kilima, wakateremka, na Sultani Mundhir akawa anachechemea, jasho linamtiririka, na njaa, ambayo hakupata kuonana nayo maisha yake yote, ikamshika tumboni. Mwisho wakafika kwenye bustani ya vitunguu, kandokando ya mfereji wa maji, na mwanamke mmoja mtu mzima, Bi Zuwena, alikuwa akimwagilia huku mkate wa mofa ukiokwa pembeni.

"Karibuni!" akawaita. "Huyu mnene ana nini, mbona anatembea kama kuku aliyefungwa?" Akaiona miguu yake. "Wewe! Vua viatu hivyo, vimekuzidi ubishi. Tia miguu majini."

Sultani alitaka kughadhibika, lakini maumivu yalikuwa makubwa kuliko ghadhabu. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akatia miguu katika mfereji, na kutoka moyoni mwake, pasipo amri wala heshima ya kifalme, ikatoka sauti ambayo Ghanim hakupata kuisikia barazani.

"Aah!"

Bi Zuwena akavunja mkate ungali moto, akautia samli na chumvi, akampa kipande. Sultani akakila kwa tonge moja, akanyosha mkono kutaka kingine. Bi Zuwena akakirudisha kipande nyuma.

"Kwenu hamsemi ahsante?"

Ghanim akapiga hatua mbele, maana alijua kwamba tangu azaliwe Sultani Mundhir hakuna mtu aliyepata kumwuliza hivyo akabaki salama. Sultani akamtazama mwanamke, akautazama mkate, akaitazama miguu yake majini. Midomo yake ikacheza. Alikuwa akilitafuta neno, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko wa nguo ya mwenziwe.

"Ahsante," akasema. Kisha akalisema tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama aliyeonja kitu na hakuamini. "Ahsante, mama. Ahsante kwa mkate. Na kwa maji."

"Haya, karibu," akasema Bi Zuwena, akampa kipande kikubwa. "Ndivyo mtu anavyosema."

Sultani akala pole pole safari hii, na uso wake ukakunjuka, na alipomaliza akamgeukia Ghanim, macho yake yana unyevu. "Ewe Ghanim, hii ndiyo. Hatujapata kuionja. Tumechukua kila kitu, na hatukupata kupewa."

Wakarudi mjini bila ya haraka, Sultani peku, viatu vya lulu amemwachia Bi Zuwena ambaye aliapa kwamba atapanda vitunguu ndani yake. Na upanga ukarudishwa alani, na wanamuziki wakaitwa, na waliojificha kwa jamaa zao wakarejea. Sultani akamrudishia Ghanim uwaziri, safari hii kwa hiari yake mwenyewe, na akampa ardhi nzuri yenye maji karibu na mji, na Ghanim akaukubali uwaziri kwa sharti moja, kwamba adhuhuri apewe ruhusa ya kwenda kulala.

Na kabla ya mwezi ule kwisha, Ghanim bin Sudi akamwoa Thureya katika kile kinyumba cha kichochoroni, kwa kuwa bibi harusi alikataa pengine popote. Zikapigwa ngoma, ukapikwa pilau mpaka mtaa wa tatu wakainua pua, na majirani wakasimulia kwamba katika wageni kulikuwa na mmoja mrefu mwenye harufu ya moshi, aliyemshukuru kila aliyempisha na kila aliyempa sahani, mpaka watu wakamchoka. Na wageni walipoketi kula, mtu mmoja mnene akachukua birika na beseni, akapita kwa kila mgeni akiwanawisha mikono, na wengi wao walishanawa na kukausha ndipo walipotambua kwamba aliyewamiminia maji ni Sultani Mundhir bin Hilali. Wakataka kusujudu, akawakataza.

"Msiinuke," akasema. "Semeni ahsante tu."

Wakasema, kila mmoja kwa zamu yake, na Sultani akasimama pale na birika lake akisikiliza, anatabasamu kama mtoto. Na anayeisikia hekaya hii, akiwa na kitu mkononi, kikubwa au kidogo, asingoje jini aje kukiulizia. Akishukuru leo, hakuna mkono utakaokigusa. Nami niliyewasimulia nimefika mwisho wangu, koo limenikauka, na aliye karibu na mtungi ananifahamu.